Waya wa Nyuzi Nne

Nasra mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua, maana nakusikia hapo juu unabishana na mama yako kuhusu sanduku. Yeye anataka utie birika. Wewe unasema Dodoma kuna mabirika. Mimi nimekaa huku chini dukani, mlango nimeurudisha nusu, jua la baada ya adhuhuri limeingia kwa upenyo na kulala juu ya meza ya kazi. Mbele yangu simu saba za watu zinachajiwa, kila moja na kijitaa chake. Nimezitazama mpaka nikasinzia. Nikaota wewe ushaondoka na mimi sijakuandikia chochote, nikaamka. Ndipo nikachukua kalamu.

Sitakwambia ya chandarua, wala ya kula vizuri, wala ya kupiga simu ukifika. Mama yako ana siku tatu anayasema hayo, na mengine anayarudia. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni zile picha za Ruwaida. Ukishaliona jina hilo usiikunje karatasi. Mwaka na miezi imepita watu wa mtaa huu wanaamini kwamba wewe ndiye uliyezitoa nje, na wewe mwenyewe umefika mahali hujui kama ulizitoa au hukuzitoa. Mimi najua. Nataka uondoke kesho na wewe ukijua.

Nitaanzia mbali kidogo, kama ada yangu. Mama yako husema nikiulizwa saa ngapi hueleza saa inavyoundwa. Nivumilie kwa mara hii ya mwisho kabla hujapanda boti.

Nilipoanza ufundi, katikati ya miaka ya themanini, kazi ilikuwa redio. Nilikuwa nikitoka Amani kwa miguu kuja mjini, na njia nzima naziona betri zimeanikwa juani kwenye vizingiti vya madirisha, mbili mbili, nne nne, ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari ya jioni. Nilipenda kuziona. Nilihisi kama nyumba zote zile zinangoja sauti moja. Redio zenyewe zilikuwa wazi mno kwa fundi: waya wa umeme una njia yake, waya wa sauti una njia yake, na ukigusa huu huugusi ule. Nilizeeka na akili hiyo. Nilidhani kila kitu duniani kimetengenezwa hivyo, chakula huku, maneno kule.

Kisha zikaja simu hizi ambazo waya mmoja hufanya yote mawili. Utakumbuka siku nilipouchana wa kwanza. Ulikuwa umekaa pale kwenye kigoda, umetoka skuli, unakula embe mbichi kwa chumvi na pilipili, na sare yako umeitia madoa. Niliuchuna ule mpira kwa wembe, ndani zikatoka nyuzi nne nyembamba.

"Baba, mbona nne? Umeme si unataka mbili tu?"

"Umeme mbili. Huu mwekundu unakwenda, huu mweusi unarudi."

"Na huu mweupe na wa kijani?"

"Hizi za maneno. Nyimbo, picha, majina ya watu. Vyote vinapita humu."

Ukautazama ule waya muda, mdomo umejaa embe. "Kwa hiyo simu inakula huku inasema."

"Ndivyo."

"Kama mama," ukasema.

Tulicheka mpaka mama yako akagonga sakafu kwa mchi kutuuliza tunacheka nini, na mpaka leo hatujamwambia. Siku ile nilikutazama nikasema moyoni, huyu ana jicho la ufundi kuliko mimi. Sikukwambia. Nakwambia leo.

Waya ule ndio uliotupa riziki. Nikanunua kompyuta, nikawa natia nyimbo kwenye simu za watu na kuwasafishia picha zao. Na kwa kuwa mimi mvivu wa kubonyeza, niliitengeneza kompyuta ile kwamba chochote kikichomekwa, kama kina picha, izivute zenyewe na kuziweka pamoja. Halafu ikiachwa kidogo bila kuguswa, ianze kuzionesha moja baada ya moja, taratibu, kioo kizima. Nililipenda jambo hilo. Ilikuwa ikionesha picha nilizopiga msituni Jozani, wale kima punju wamekaa juu ya matawi na mikia yao inaning'inia, na watu waliokuwa wakingoja simu zao walikuwa wakizitazama kama wamo ndotoni. Hata mimi nilikuwa nasahau kazi.

Ndipo umeme ukakatika kisiwa kizima. Umeme wetu, kama ujuavyo, hutujia kutoka bara kwa waya uliolala chini ya bahari, na ulipokosekana haukukosekana kwa siku moja wala mbili. Tulihesabu wiki. Wewe uliniambia neno ambalo bado nalizungusha kichwani: "Kumbe Unguja nzima nayo imechomekwa." Mji ukawa na ukimya wa ajabu. Mafriji yalinyamaza, mapangaboi yalinyamaza, visima vilivyosahauliwa vikafunuliwa, na mchana watu walitembea polepole kama waliokatazwa kufanya haraka. Niseme kweli, kuna kitu katika siku zile nilikipenda. Nilisikia kanzu za watu zikigusana uchochoroni. Nilisikia mtu akikuna nazi nyumba ya tatu.

Sisi tulikuwa na jenereta letu dogo, na simu za mtaa mzima zikahamia hapa. Kila simu na mdomo wake: nyembamba, nene, bapa, na za Kichina ambazo kila moja ilizaliwa peke yake. Nikakaa siku mbili na chuma cha kuchomelea risasi, nikatengeneza waya wenye vichwa vingi, shina moja kwenye adapta nzito niliyoitoa katika redio kubwa, na matawi tisa. Ukiwa na simu mbili unajaza upesi. Ukiwa na tisa, zote zinagawana kilichopo na kila moja inakwenda mwendo wa kobe. Watu walinung'unika lakini walingoja.

Wanawake ndio waliokuwa na wasiwasi, na walikuwa na haki. Bi Salma, mama yake Ruwaida, alikuja na simu yake ameifungia ndani ya leso, fundo juu ya fundo.

"Baba Nasra, simu hii imo mambo ya watu. Hiyo mashine yako haitoyaramba?"

"Haitoyaramba, Bi Salma. Tazama."

Nikachukua wembe, mbele ya macho yake nikaukata uzi mweupe na uzi wa kijani katika vichwa vyote tisa, kimoja kimoja. Nikamwambia, waya wangu huu unapitisha umeme tu, maneno hayana njia. Simu yako ni amana. Akaridhika, akatoka akawatangazia wenzake, na kuanzia hapo leso zikawa zinaingia dukani kutwa. Nilivimba kichwa, Nasra. Nilijiona mimi ndiye mtu mwaminifu kuliko wote Mkunazini. Pembeni ya kompyuta niliubakisha waya mmoja mzima, wenye nyuzi zote nne, kwa kazi ya nyimbo na picha.

Sasa nafika. Ruwaida alikuwa anaolewa, giza au si giza. Umesoma naye chuo cha Kurani tangu mkiwa na miaka mitano, na siku ya singo, wanawake walipomsugua manukato mwilini, aliwaomba watu wote waweke simu zao nje, isipokuwa wewe. Alitaka apigwe picha ziwe zake, azitazame akizeeka, na mtu aliyemwamini kushika picha hizo alikuwa wewe. Ulirudi nyumbani kesho yake mchana, simu imekufa chaji, ukaniwekea juu ya meza ukasema, "Baba, nichajie, nakwenda kumsaidia kufunga nguo." Ukatoka unakimbia.

Nikaichomeka kwenye kompyuta. Kwa ule waya mzima.

Nilipata kukwambia kwamba niliichaji kwa vichwa vilivyokatwa kama simu za watu wote. Haikuwa kweli. Niliichomeka kwenye waya mzima, ikawaka, adhana ya alasiri ikaadhiniwa, nikaenda msikitini. Dukani niliwaacha wanaume wanne wamekaa kwenye benchi wakingoja simu zao, na mmoja wao ni Mzee Haroub, ami yake bwana harusi.

Niliporudi wote wanne walikuwa wameikodolea macho kompyuta. Nilidhani wanawatazama kima wa Jozani. Kioo kilikuwa kimejaa Ruwaida. Amekaa mkekani, mabega wazi, kanga kifuani, singo ya manjano imempanda mikono mpaka juu, somo yake anayemfunda ameushika mkono mmoja anausugua, na yeye kichwa amekitupa nyuma anacheka. Ikaondoka ikaja nyingine. Ndani ya chumba kile cha wanawake picha ile haikuwa na ila yoyote, ilikuwa furaha tupu. Hapa dukani ilikuwa kumvua nguo mtoto wa watu mbele ya wakwe zake. Mzee Haroub alisimama, akavaa viatu, akatoka bila ya simu yake. Mimi nilizivuta nyaya zote kwa pamoja.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Upande wa bwana harusi wakasema wanataka muda. Harusi ikasogezwa miezi mitatu, shela ikarudi kabatini, maneno yakajaa mtaani. Bi Salma akaja hapa, wewe ukiwa skuli. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Baba Nasra, zile picha zimeingiaje kwenye mashine yako?"

Nilikuwa na nafasi, mwanangu. Nilikuwa na nafasi pana kabisa. Alikuwa ameniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kusikia kwamba ni bahati mbaya. Na ingekuwa bahati mbaya kama ningesema. Lakini nikaziona zile leso zote juu ya meza nyuma yangu, nikamwona yeye akiwatangazia wenzake kwa mara ya pili, nikaogopa. Nikasema, "Watoto wa siku hizi, Bi Salma. Nasra huitumia mashine hii. Atakuwa kazitia yeye."

Hayo ndiyo maneno. Maneno machache tu, na kwa hayo nilikuuza.

Ulipoulizwa ulilia ukasema hukuzitia. Ukaja kwangu. "Baba, wewe si uliichaji kwenye vile vichwa vilivyokatwa?" Nikasema ndiyo. Ulikaa kwenye kigoda ukawaza, ukasema, "Basi labda mimi. Juzi ile nilitia nyimbo. Labda niliuacha waya, labda nilibonyeza kitu." Nilikuona ukitafuta kosa ndani ya kichwa chako, ukilitafuta kwa bidii nami nikijua kwamba halimo, mpaka ukalitengeneza. Sikukuzuia. Nilikwambia "yaishe," kama mtu anayesamehe. Katika yote niliyokutendea, hili ndilo linaloniamsha. Kumsingizia mtu ni ubaya, lakini kumwachia asiamini kumbukumbu zake mwenyewe ni kumwibia kitu asichojua anaibiwa.

Tangu hapo hukualikwa singo wala kupamba. Ukaacha kupiga picha kabisa. Na kila asubuhi ukipita mbele ya nyumba ya Bi Salma, nakusikia kutoka hapa: "Shikamoo, Bi Salma." Kisha kimya. Mwaka na miezi, "Shikamoo, Bi Salma," kisha kimya. Hukuacha hata siku moja. Mimi nikizisikia shikamoo zako nilikuwa natia redio sauti.

Nimesoma nilichoandika nikaona bado nimejifichia pembe moja. Nimeandika kwamba niliichomeka simu yako kwenye waya mzima, nikapita haraka, kana kwamba mkono uliteleza. Siku nyingi nimejiambia vichwa vyote tisa vilikuwa na simu. Uongo. Kulikuwa na kichwa kitupu, kilikuwa kinanitazama. Nilichukua waya mzima makusudi.

Wiki zile ulikuwa ukikaa kwenye ngazi unaishika simu yako na kucheka peke yako, na mimi nilisema moyoni kuna mwanamme. Nilitaka jina. Nilipanga nikirudi msikitini nitazame kilichovutwa. Simu za wake za watu nilizikatia njia za maneno kwa wembe, na ya mwanangu nikaifungulia, kwa kujiambia mtoto wangu ana nini cha kunificha mimi. Sikujua kwamba ndani ya simu yako hamkuwa na siri zako tu. Humo mlikuwa na watu waliokuamini wewe, wala hawakuniamini mimi.

Na unajua nilichokikuta? Baada ya fujo yote, kabla ya kufuta, nilitafuta. Hata baada ya aibu ile bado nilitafuta, ndivyo nilivyo. Hakukuwa na jina la mwanamme. Kulikuwa na picha yangu. Nimelala mezani mchana, mdomo wazi, miwani imeniteremka puani, na ule waya wa vichwa tisa nimeuvaa shingoni kama shada la maua. Ulikuwa umenipiga mara kumi na moja, kila mara kwa pembe nyingine. Ndicho ulichokuwa unakicheka kwenye ngazi.

Picha za Ruwaida nilizifuta zote siku ile ile. Ile yangu moja niliiacha. Nimeitazama leo kabla ya kusinzia.

Adhana ya alasiri hiyo. Naacha hapa. Nimeandika kwamba nilisema uongo mbele ya mlango wa duka langu, na karatasi haitoshi kuufuta, maana karatasi utaisoma wewe tu na wewe si uliyedanganywa peke yako. Nikirudi nitamalizia.

Nimerudi.

Baada ya sala nilikaa kwenye baraza ya msikiti nikawaambia wale waliokuwepo siku ile. Mmoja alishahamia Nungwi, lakini watatu walikuwepo, na Mzee Haroub mmoja wao. Niliwaambia kama nilivyokuandikia, pamoja na kile kichwa kitupu. Mzee Haroub akachora chora sakafu kwa fimbo yake.

"Na sisi tukakaa tukaangalia," akasema mwisho. "Mtu angeweza kugeuza uso. Mimi niligeuza kwenye picha ya nne."

Sikutegemea hilo. Aliondoka bila ya kuniaga, lakini hakuondoka kwa hasira.

Kisha nikenda kwa Bi Salma. Alikuwa amekaa uani anachagua mchele, na Ruwaida yuko ndani, amerejea kwa mama yake kungojea kujifungua, tumbo lake la mwezi wa nane. Sikukaa. Nilisema nimesimama. Bi Salma aliendelea kuchagua mchele mpaka nikamaliza, kisha akausukuma ungo.

"Kumbe," akasema. "Kwa hivyo mtoto yule alikuwa ananamkia kila asubuhi, na hana kosa."

"Hana kosa, Bi Salma. Kosa langu."

"Kosa lako nshalisikia. Mimi nauliza langu. Shikamoo zote zile, Baba Nasra. Mwaka mzima. Mtoto ananamkia na mimi nageuza uso. Ntamrejeshea vipi mimi?"

Nikamwomba radhi. Akasema, "Wewe leo sikusamehe. Labda kesho kutwa. Leo nina shughuli ya huyu mtoto." Kisha akauliza, bila ya kunitazama, unaondoka lini. Nikamwambia kesho, boti ya asubuhi. Akaurudisha ungo mapajani, nikaelewa kwamba nimeruhusiwa kuondoka.

Njiani nilidhani nitajihisi mwepesi, watu husema hivyo. Sikujihisi mwepesi. Nilijihisi mtu mzima, basi. Nilipita uchochoro wa nyuma polepole, nikaona kwamba kuta zile zile nimezipita maelfu ya mara na leo nimeinua macho.

Sina wosia mrefu. Nimekuwa fundi wa waya zaidi ya miaka ishirini na sikuielewa kazi yangu mpaka nilipoiharibu. Nilidhani kukulea ni ule uzi mwekundu na ule mweusi: chakula, ada ya skuli, paa, dawa. Hivyo nilivipitisha bila kukatika, nashukuru. Lakini maneno niliyakata, nikabaki natafuta njia ya kuyaiba badala ya kukuuliza tu, "Nasra, unacheka nini?" Ungenionesha picha. Tungecheka wote, na mama yako angegonga sakafu.

Utaambiwa huko uwe mwangalifu na wageni. Sawa, uwe. Mimi naogopa zaidi kwa ajili ya wale utakaowazoea. Kwa mgeni mtu hushika adabu zake zote. Kwa aliye wake husema, "ah, huyu wangu," akaingia bila ya kupiga hodi.

Chini ya sanduku lako, ndani ya ile doti ya kanga aliyoitia mama yako, nimeweka waya. Nimeutengeneza wiki hii kila ulipokuwa umelala. Nasikia kwenye mabweni chumba kina tundu moja la umeme na wasichana sita. Una vichwa sita. Vitano nimevikata nyuzi nyeupe na za kijani, vinapitisha umeme tu, uwachajie wenzako bila ya wasiwasi. Cha sita ni kizima, nimekifunga uzi mwekundu shingoni ukijue hata gizani. Hicho kitumie utakavyo, lakini mwenye simu umuulize kwanza, hata akiwa wako. Vyote vikichomekwa kwa pamoja vitakwenda polepole. Mkae mngoje, mzungumze.

Na upige picha, Nasra. Nakuomba. Una mkono mzuri na una jicho. Picha haikuwa na kosa, wewe hukuwa na kosa. Ulikumbuka sawasawa tangu siku ya kwanza.

Nilikusudia kuitia barua hii mkobani uisome bahari ikiwa baina yetu. Nimeona huo ni woga ule ule umevaa kanzu nyingine. Nitakuletea juu nikupe mkononi kabla hujashuka ngazi, kisha nikae hapa chini, na utakaposhuka useme lolote unalotaka kusema, au usiseme.

Nilikuwa nimeshaikunja nimeifungua tena, kwa sababu magharibi ilipoingia Ruwaida alikuja dukani. Peke yake, anatembea kwa kushika ukuta, masikini, na lile tumbo.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hakukaa. Alitoa simu yake akaiweka mezani, haikufungwa leso. "Imekufa chaji. Nichajie. Ntaifuata asubuhi, tukienda bandarini."

"Mkienda nani?"

"Mimi na mama. Kaniambia nikwambie Nasra asitoke nyumbani bila ya kupita kwake. Anataka aamkiwe." Akatabasamu kidogo, lile tabasamu la kwenye picha, nikatazama chini. "Na aje na simu yake. Nataka anipige na tumbo hili, kabla halijaondoka."

Nilimuuliza niichaji kwa waya upi. Kwenye duka lile, mbele ya kompyuta ile, nilimuuliza. Akanitazama, akasema, "Utajua mwenyewe, Ami," akaondoka.

Nimeichomeka kwenye kichwa kilichokatwa. Sasa imejaa, kijitaa kimegeuka kijani. Hapo juu umeacha kubishana na mama yako, nadhani birika limeshinda. Simu ya Ruwaida iko mbele yangu juu ya meza, imelala kifudifudi kama alivyoiweka. Sijaigeuza.

Baba yako